Utando wa Buibui na Honi ya Bati: Sauti ya Kujitengenezea katika Nyanda za Ugogo

Debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii hutupiwa mtu mwenye maneno mengi na maarifa machache, na kwa sababu hiyo debe limebeba kwa miaka mingi fedheha isiyokuwa yake. Fundi wa ala hulitazama kwa jicho jingine. Yeye anajua kwamba pasipo utupu hapana mvumo. Udi ni mtupu tumboni, ganuni nayo vivyo hivyo, na kibuyu hakimfai mpiga zeze mpaka kitolewe nyama na mbegu zake zote. Aliye na debe tupu na sikio lililofunzwa ameshapata nusu ya chombo; nusu iliyobaki ni subira.

Historia ya sauti katika Afrika ya Mashariki, kwa jinsi ilivyozoeleka kuandikwa, ni historia ya vitu vilivyonunuliwa. Huanza na santuri, na hapo hutajwa, kwa haki kabisa, safari ya Siti binti Saad kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Hufuatia redio, kisha kanda, kisha sidii, na mwisho simu ya mkononi. Kila hatua ina kiwanda chake ng'ambo na bei yake dukani. Mtu asiyeweza kulipa bei hiyo haonekani katika historia hii ila kama msikilizaji wa dirishani, anayesimama nje ya baraza la mwenye gramafoni. Lakini msikilizaji huyo wa dirishani naye alirudi kwake, akatafuta bati, waya, ngozi na mbao, akajitengenezea. Sehemu moja ambako jambo hili linaweza kufuatiliwa vizuri iko mbali na bahari, katika nyanda za kati za Tanzania, kwa Wagogo wa Dodoma.

Ugogo ni nchi ya ukame. Uwanda wake umeinuka kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake, ambayo kwa kawaida haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, hunyesha katika msimu mmoja tu. Watu wake ni wafugaji wanaolima uwele na mtama, nao wamezoea kuhesabu miaka kwa njaa zake. Ile iliyowapata kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, bado inakumbukwa kwa jina la Mtunya. Reli ya Kati ilikuwa imeshafika Dodoma mwaka 1910, na pamoja na abiria ilileta chuma chembamba, misumari, nyaya na makopo. Fedha ilikuwa adimu. Taka za viwanda hazikuwa adimu. Katika mazingira hayo mtu anayetaka kitu cha anasa hujifunza kutazama kila kilichotupwa mara mbili.

Ala iliyo maarufu kupita zote katika nchi hiyo ni ilimba, ambayo wengi nje ya Ugogo huiita marimba ya mkono. Ni sanduku la mbao lililochimbwa ndani, na juu yake zimepangwa ndimi za chuma zinazodonolewa kwa vidole gumba. Ndimi hizo hufuliwa kwa msumari au kwa waya mnene uliopondwa, na urefu wa kila mmoja huamua sauti yake: ukisukumwa ndani unafupika na sauti inapanda, ukivutwa nje sauti inashuka. Kwa hiyo ala nzima inaweza kulinganishwa upya kwa dakika chache na kwa nyundo ndogo tu.

Ila ulimi wa chuma una kasoro ya maumbile. Sauti yake ni safi, lakini ni ndogo na hufa upesi. Ndani ya nyumba tulivu inatosha. Kwenye uwanja wenye ngoma za muheme, vigelegele na watoto wanaokimbizana, humezwa. Mafundi wa Kigogo walilitatua tatizo hili kwa njia mbili, na zote mbili hazina gharama ya hata senti moja.

Njia ya kwanza ni kuweka ndimi zisizopigwa. Katika ilimba kubwa zipo ndimi ambazo kidole hakizigusi kamwe. Kazi yake ni kuitikia. Ulimi unaopigwa ukitikisa ubao, ule mwenzake uliolinganishwa sawasawa nao hutikisika wenyewe, na sauti iliyokuwa ya mmoja inakuwa ya wawili au watatu, tena inadumu zaidi hewani. Ni kama kiitikio cha utenzi kinachoitikiwa na watu ambao shairi halikuwaita kwa majina.

Njia ya pili ni utando wa buibui. Kwenye uso wa sanduku hutobolewa tundu, na juu ya tundu hilo hubandikwa kipande cha ule utando mweupe, mwembamba na mgumu, ambao buibui huutumia kufunika mayai yake ukutani. Hewa iliyomo ndani ya sanduku inapotikisika husukuma utando huo, nao hutoa mvumo kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kikombe. Mgeni anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani ala ina ufa. Kumbe mvumo huo ndio kipaza sauti chenyewe. Kila sauti moja ina sauti tanzu nyingi ndani yake, na zile za juu ndizo zinazopenya katikati ya ghasia na kulifikia sikio la aliye mbali. Utando huchukua nguvu ndogo ya ulimi na kuigeuza kuwa sauti tanzu za juu kwa wingi. Haiongezi nguvu hiyo hata kidogo. Inaipeleka mahali inaposikika.

Ujuzi wa sauti tanzu haukuishia kwenye utando. Gerhard Kubik, mtaalamu wa muziki kutoka Austria aliyefanya utafiti Ugogo miaka ya 1960, alionyesha kwamba mpango wa sauti wa Wagogo unafuata sauti tanzu zenyewe, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Maana yake kwa hesabu ni rahisi. Ikiwa sauti ya msingi inatikisika mara 100 kwa sekunde, basi ngazi ya Kigogo itapanda 400, 500, 600, 700, 800, 900. Ile ya saba, yenye mitikisiko 700, haipo kwenye kinanda cha kiwandani. Kitufe kilicho karibu nayo kiko juu kwa takriban theluthi moja ya nusu-toni, na sikio la Mgogo hulitambua kosa hilo kama ambavyo sikio la mshairi wa Pemba hutambua mizani iliyozidi moja.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika ya Kusini, alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mbalimbali, Wagogo wakiwa miongoni mwao. Shukrani anazostahili ni nyingi, kwani bila ya mashine zake sauti nyingi za kizazi kile zingepotea. Lakini hadithi yake ina upande wa pili unaohusu makala haya. Mwaka 1954 alianzisha kiwanda karibu na Johannesburg, na kutoka hapo kikaanza kuuzwa duniani chombo alichokiita kalimba. Mfano wake ulitoka kwenye ala za kusini mwa Afrika, wala haukuwa ilimba ya Kigogo, ila ni jamaa mmoja wa ukoo wa ndimi za chuma. Kalimba ya kiwandani ilipangwa kwa ngazi ya Kizungu ili iweze kupiga nyimbo za Ulaya na Marekani. Mvumo wa utando na wa vipande vya chuma uliondolewa, na kilichobaki kikawa sauti laini kama ya kengele ndogo, inayopendeza sebuleni.

Hakuna haja ya kumlaumu mtu kwa kuuza kitu ambacho wanunuzi walikipenda. Jambo la kuzingatia ni mwelekeo wa fikra. Kilichoitwa kelele na kufutwa ndicho kilichokuwa ufundi wenyewe. Na dunia iliyoufuta mvumo huo ilikuja kuutafuta kwa gharama. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la Kinks, kijana wa London, alikata kwa wembe karatasi ya spika yake ili gitaa litoe mkoromo, na wimbo uliotokana na spika ile ukawa maarufu duniani. Muda si mrefu viwanda vikawa vinauza visanduku vya kukoromesha gitaa kwa maelfu. Kijana yule alilipia wembe na spika. Mgogo hakumlipa buibui kitu.

Redio ilipoingia, ufundi huu wa zamani ulipata kazi mpya. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini ilisimamia kutengenezwa kwa redio ya bei nafuu iliyoingizwa ndani ya umbo la sufuria, ikauzwa kwa pauni tano na kujulikana kwa jina la sufuria hiyo. Dar es Salaam ilianza matangazo mwaka 1951, na Unguja ikawa na Sauti yake mwaka huohuo. Baada ya uhuru redio zikaanza kuundwa nchini, na kufikia miaka ya 1970 serikali ilikuwa imezifanya kuwa darasa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kwa wiki 12, ili wajifunze kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kujikinga na malaria. Dodoma ilikuwa imetoka tu kwenye operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na mwaka huohuo wa 1973 chama cha TANU kikaamua kuwa makao makuu ya nchi yatahamia huko.

Kikundi kizima mbele ya redio moja ndogo: hapo palihitajika ufundi. Spika ndogo iliyo wazi nyuma hujipinga yenyewe, kwa kuwa hewa inayosukumwa mbele hukutana na ile inayovutwa nyuma, na sauti nzito hufutana. Ukiiweka redio ndani ya chungu, mtungi uliovunjika shingo au kibuyu kikubwa, upande wa nyuma unazibwa na sauti nzito inarudi. Ukiitazamisha kwenye pembe ya kuta mbili, kuta zinakuwa honi. Ukikunja bati kama faneli mbele yake, sauti ya mtangazaji inavuka ua. Waya wa shaba uliotupwa juu ya mti huleta kituo kilichokuwa kikikohoa. Betri zilizochoka huanikwa juani, nazo hupata uhai wa taarifa ya habari moja zaidi. Mambo haya hayakufundishwa na mtu kutoka wizarani, nayo yalifanyika pwani na bara vilevile. Lakini mtoto aliyelelewa karibu na ilimba na zeze hakuhitaji kuelezwa kwa nini kibuyu kinafaa. Babu yake alikuwa ameshalijibu swali hilo.

Wasomaji wa visiwani hawatashindwa kuuona udugu. Kidumbaki kilizaliwa kwa mantiki hiihii. Taarabu ya klabu, kama ile ya Ikhwani Safaa iliyoasisiwa mwaka 1905, ilidai ganuni, udi, fidla kadhaa na besi ya Kizungu, na harusi ya mtaani haikuweza kuvigharimia vyote. Basi besi ikawa sanduku la chai lililopinduliwa, lenye kijiti na uzi mmoja. Ngoma zikawa vidumbaki viwili. Fidla ikabaki moja tu. Waliokuja kucheza hawakuona upungufu. Walipata mdundo ambao taarabu ya ukumbini haikuwa nao, na leo hakuna anayethubutu kusema kwamba kidumbaki ni taarabu iliyokosa fedha. Kimekuwa fani yenye haki yake.

Dar es Salaam ikaongeza sura yake. Vijana wa mchiriku, wakirithi ngoma za Kizaramo, walichukua vinanda vidogo vya Casio vilivyokusudiwa watoto, wakaviunganisha na amplifaya kuukuu na spika za honi, wakapiga usiku kucha. Jagwa Music, kundi lililoanza mwaka 1992, lilifika Ulaya na sauti hiyo bila ya kuisafisha. Huko Kinshasa, kundi la Konono No. 1 la mzee Mingiedi Mawangu lilifanya jambo lililo karibu zaidi na ilimba: walichukua likembe, nduguye ilimba, wakaitengenezea vinasa sauti kwa sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari, wakaipitisha kwenye honi za matangazo. Albamu yao ya mwaka 2004 iliwashangaza wapenzi wa muziki wa umeme. Mkoromo wa honi hizo ulikuwa umeshika nafasi ya mvumo uliokuwa ukitolewa kwa mkono.

Kwa upande wa Ugogo, aliyeivusha ilimba mipaka ni Hukwe Zawose. Sifa zake zilimfikia Rais Nyerere, naye akaitwa Dar es Salaam mwaka 1967. Baadaye alikuwa nguzo ya Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981. Zawose hakuridhika na ala alizozikuta. Alitengeneza ilimba kubwa zaidi, zenye ndimi nyingi kuliko zile za kijijini, ili sauti moja ya mtu na chombo kimoja viweze kujaza ukumbi. Mwaka 1996 albamu yake *Chibite* ilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel nchini Uingereza, na mwaka 2002 ikafuatia *Assembly* aliyoshirikiana na Michael Brook, mpiga gitaa na fundi wa studio. Hivyo utando wa buibui uliingia katika studio za gharama kubwa, ukasikika mbele ya vinasa sauti ambavyo bei yake ingenunua kundi la ng'ombe. Safari hii haukuondolewa. Zawose alifariki Desemba 2003, na mwaka uliofuata akafariki Charles Zawose, mpwa wake aliyekuwa akiimba naye, na kwa vifo viwili hivyo ukatikisika mnyororo uliokuwa ukipitisha ujuzi kutoka mkono hadi mkono.

Pengo la namna hiyo ndilo linaloyafanya mambo haya yasiwe ya kupitisha wakati. Ni rahisi kuusifu ufundi wa maskini hadi umaskini wenyewe ukaonekana sifa. Haifai. Waya uliounganishwa vibaya huunguza nyumba, betri ya gari iliyofunguliwa humwaga tindikali mikononi mwa kijana, na wengi waliojitengenezea wangenunua kama wangekuwa na uwezo. Aidha, si kila kitu cha kujitengenezea ni kizuri. Sabufa iliyopigiliwa ndani ya ubao mwepesi mno hutetemeka yenyewe na kuharibu maneno ya mwimbaji, na katika nyimbo zetu maneno yakipotea wimbo umekwisha. Kipimo cha haki ni kilekile kwa vya dukani na vya nyumbani: je, sauti inayotakiwa inafika?

Lakini swali hilo lina jingine ndani yake: sauti inayotakiwa na nani? Kijana wa Dodoma anayejifunza muziki leo kwa kinanda cha kiwandani au programu ya simu hupewa ngazi iliyokwisha pangwa. Ile sauti ya saba haimo. Akiimba nayo kwa miaka kumi, sikio lake litaanza kuisikia sauti ya bibi yake kuwa ina kosa. Hapo kitakachokuwa kimepotea ni uwezo wa kuamua sauti sahihi ni ipi, na uwezo huo haununuliwi kwa bei yoyote. Chombo cha kujitengenezea kilikuwa kikiulinda bila ya kujigamba, kwa kuwa aliyekifua ulimi kwa nyundo yake ndiye aliyeulinganisha kwa sikio lake. Tamasha la muziki wa Wagogo ambalo limekuwa likiandaliwa Chamwino, pamoja na kwaya za makanisa ya Ugogo zinazoimba nyimbo za ibada kwa mpango wa sauti wa wazee, ni juhudi za kulishika jambo hilo lisiponyoke.

Washairi wa pwani wana mfano wa karibu kutoka nchi hiyohiyo. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, aliandika historia, mila na desturi za watu wake katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, kisha akaingia katika ushairi wa Kiswahili, mali ambayo wengi waliiona kuwa ya wana wa bahari. Hakuja mikono mitupu wala hakuja kuvunja. Alizishika kanuni za vina na mizani, akazidisha majibizano ndani yake, akakuza ngonjera. Ngonjera haikuhitaji jukwaa, taa wala kipaza sauti. Watoto wawili wa shule wakisimama chini ya mti, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, tayari kijiji kizima kimesikia. Baada ya Azimio la Arusha ilisambaa nchini kote, na vitabu vya ngonjera zake vikatoka baada ya yeye kufariki. Alichokifanya kwa shairi ndicho walichokifanya mafundi wa kwao kwa ubao: kutafuta sauti ifike mbali kwa kilichopo.

Wanaorekodi muziki wa bara na wa visiwani wana deni dogo la kulipa, nalo si la fedha. Wasiufute mvumo kwa kudhani ni uchafu, wala wasiilazimishe ilimba ifuate kinanda kwa kuwa kinanda hakiwezi kuifuata ilimba. Waandike pia majina ya vifaa na namna vinavyotengenezwa: utando unatolewa ukuta gani, msumari unapondwa kwa unene upi, kibuyu kinakaushwa kwa muda gani. Ala ikivunjika itaundwa nyingine. Maarifa ya mkono yakivunjika, jumba la makumbusho litabaki na debe tupu lisilovuma.